Orodha Iliyongoja Kufuli

Mama Georgine alikufa mwezi uliopita, siku ya Jumatano, na kufikia Alhamisi mchana Bunia nzima ilikuwa imekaa uwanjani kwake kwenye viti vya plastiki. Nikisema Bunia nzima, punguza kidogo, useme nusu. Nyuma ya nyumba wanawake wa kanisa walikuwa wameweka motoni masufuria ambayo mtu mzima angeweza kubatizwa ndani yake: maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Kasenyi, na bugali ya kulisha kikosi. Mimi niliwekwa karibu na mlango, kupokea watu na kuwachekesha kidogo, kwa sababu hata matanga yanahitaji mtu wa kuchekesha, na kazi hiyo naijua kuliko kazi niliyopewa diploma. Nilikuwa katikati ya hadithi ya marehemu na mkaguzi wa kodi, hadithi ambayo kila mwaka mkaguzi anazidi kunenepa, gari la kutoka Ariwara likasimama barabarani. Akashuka Deo, kichwa chake kimekuwa upara safi. Nyuma yake akashuka dada yake, Célestine. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Hadithi ikanikatikia mdomoni, na chai ikapoa bila mimi kuigusa.

Nilikuwa sijawaona tangu mwaka ule. Siku hizi vijana wananiita muzee, jambo ninaloona ni uchokozi mtupu, lakini mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nilikuwa nimevumbua kompyuta kama wengine wanavyovumbua dhahabu: silali vizuri, siongei kitu kingine, na kila ninayekutana naye namshika mkono nimwonyeshe. Mchana mimi na Deo tulifanya kazi kwa Mama Georgine, katika sekretaria yake karibu na soko kubwa. Kwetu sekretaria ni duka la kuchapisha barua, kutoa fotokopi na kupiga picha za kitambulisho. Kilikuwa chumba kimoja, ukutani rangi ya maziwa yaliyoharibika, kompyuta tatu, jenereta iliyofungwa kwa mnyororo nje, na printa iliyokohoa hadi watu wa Mambasa, mwendo wa siku nzima, wakageuka kuangalia. Printa ile ilikuwa na mkwaruzo ndani, basi kila karatasi ilitoka na mstari mwembamba mweusi upande wa kushoto, kutoka juu mpaka chini. Mteja akilalamika, nilimwambia ni muhuri wa nyumba. Saa sita Mama Georgine alileta bugali na lenga-lenga, mchicha wa kwetu, tukala juu ya meza ya kukatia picha, nyuso za watu wadogo wadogo zikitutazama kando ya sahani. Deo alikula polepole, macho kwenye skrini. Mama Georgine alimwambia, "Weye Deo, siku moja utamumeza ule panya wa kompyuta ukifikiri ni nyama." Deo alicheka kwa pua tu. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno yote ya duka lile nilikuwa nimeyachukua mimi.

Jioni tulikwenda shule. Masomo yalikuwa katika darasa la watoto wa mwaka wa kwanza, kwenye benchi fupi hivi kwamba magoti yaligusa kidevu, na chini ya picha za mbuzi na nanasi tulifundishwa informatiki na uandishi wa ofisi. Mwalimu wetu alikuwa karani mstaafu wa territoire, yaani wilaya, tulimwita Metre, Kifaransa cha mwalimu, na Metre alikuwa na dini moja: utambulisho kamili. Jina, jina la pili, jina la ubatizo, jina la baba, jina la mama, kijiji, groupement yaani kundi la vijiji, sekta, territoire, na mahali mtu anapolala sasa. Alitufanya tuyaimbe kama katekismu. "Orodha bila utambulisho kamili," alisema akigonga ubao, "ni mufupa bila mubwa. Haina kazi kwa mutu yeyote." Kila karatasi niliyowahi kuona maishani, ya shule, ya hospitali, ya ubatizo, iliuliza maswali hayo kwa mpangilio huo. Mtu wa kwetu anajua asili yake kwa mpangilio huo hata akiwa usingizini. Haikunijia hata siku moja kujiuliza karatasi inayataka yote hayo kwa nini.

Lakini fahari yetu ilikuwa mlangoni. Kila Jumatatu asubuhi mimi na Deo tulibandika karatasi yenye kichwa cha herufi kubwa, VINAVYOKUJA. Deo alikuwa akienda kwenye saiberi Jumamosi, maana mtandao wa duka ulikuwa wa polepole, anasoma mtandao wote mara mbili, anarudi na habari kwenye flashi: programu gani iko karibu kutoa toleo jipya, toleo hilo litaleta nini, na vyombo gani vya bure vimetokea mtandaoni vinavyoweza kumsaidia mtu mwenye kompyuta moja na umeme wa kubahatisha. Chombo cha kugeuza picha ya barua kuwa maandishi. Chombo cha kupunguza uzito wa faili ili ipite kwenye mtandao wetu mwembamba. Chombo cha kutafsiri, ambacho tulikijaribu kwa methali tatu za Mama Georgine na zote tatu zikarudi zikiwa zimepigwa. Deo alileta habari, mimi nilizipamba. Toleo jipya nililitangaza kama ziara ya askofu. Wanafunzi walisimama kusoma, na walimu, na vijana wa mashirika, na hata wauza nyanya ambao hawakuwa na kompyuta walitaka kujua nini kinakuja. Nilipenda neno lile kuliko yote. Kinakuja. Mtu akisoma kitu kinakuja, anajisikia tayari ameshika nusu yake.

Mwaka huohuo vilikuja vingine ambavyo havikubandikwa mlangoni. Djugu, jirani yetu, ilianza tena kuungua kwa vita. Kwanza tuliona pikipiki zenye godoro moja na watu wanne, halafu watu wa miguu, halafu watu wasiobeba kitu. Uwanja nyuma ya soko ulijaa maturubai. Ndani ya sekretaria wateja walibadilika. Hawakuja tena na barua za kuomba kazi, walikuja na swali. Mmoja aliuliza kama tunaweza kutoa fotokopi ya picha ya mtoto, nyingi, aibandike. Mwingine aliniuliza kama kompyuta inaweza kujua mtu yuko wapi. Nilimwambia kompyuta inajua kila kitu, mama, tatizo ni kuifundisha kusema. Nilitaka acheke. Akanitazama tu akingoja jibu lenyewe.

Célestine alifika wiki ya tatu, na binti yake Bénie na mwingine mchanga mgongoni. Yeye na mume wake, ambaye sote, hata Deo, tulimwita Papa Bénie bila kuwahi kukutana naye, walipoteana njiani walipokuwa wakikimbia, kwenye kivuko cha mto, na kuanzia hapo hakuna aliyejua kama mume alivuka. Deo alimtafutia dada yake chumba mtaa wa Nyakasanza, kwa Mama Zawadi, nyumba yenye madirisha ya bluu. Nilikwenda kuwasalimia siku ya Jumapili. Chumba kilikuwa na mkeka, sufuria, na Biblia iliyopoteza jalada. Célestine alinipa kiti kimoja kilichokuwapo, akaketi chini, akamenya mihogo. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na kila pikipiki ilipopita nje kisu kilisimama. Nilieleza mambo ya kompyuta kwa saa nzima. Alisikiliza kwa adabu. Mwishoni akasema, "Kase, musiseme kwa batu kama niko hapa, ee? Baliuliza jina yangu kule nyumbani. Mbele ya siye kukimbia." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nalisema neno hilo kwa kila mtu mwaka ule, nadhani nililisema hata kwa mbuzi.

Hapo ndipo chombo kilipotokea. Deo alikileta Jumamosi, akanionyesha bila kusema kitu: ukurasa mtandaoni, wenye safu na mistari kama daftari, na kila aliye na anwani yake anaweza kuusoma na kuandika ndani yake, watu wengi kwa wakati mmoja, bila kulipa na bila kujiandikisha. Ulikuwa mpya, bado unanuka rangi. Tulitazamana. Sote wawili tuliliona jambo lilelile. Orodha moja ya watu waliopoteana, ambayo mtu wa Komanda anaweza kuisoma akiwa Komanda, na wa Aru akiwa Aru, na wa ng'ambo ya ziwa akiwa kambini Uganda.

"Iko na shida moja," Deo akasema. "Haina kufuli. Mutu yote anaweza kuingia."

"Wataweka?"

"Banasema kwa toleo ya kuya. Mwezi ya kuya. Mwenye ukurasa ataweza kuchagua nani anasoma." Alishusha mikono kwenye magoti. "Tungoje ile, Kase."

"Na ule mama wa picha ya mutoto, nimwambie angoje ile?"

Mama Georgine alikuwa mlangoni akipepeta mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Kila mutu ataona majina?" akauliza.

"Kila mutu, mama," nikasema, "hiyo njo uzuri yake."

"Njo kitu mi naogopa," akasema, akaendelea kupepeta.

Niliwashinda kwa maneno. Jumatatu nilibandika tangazo zuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Nilieleza orodha, nikaweka anwani ya ukurasa, na mwisho, kwa wenye wasiwasi, nikaandika kwa herufi nene: KUFULI INAKUJA. Watu wakapanga foleni mpaka kwenye duka la misumari. Tuliandika kutwa, na tuliandika kama tulivyofundishwa: jina, jina la pili, la ubatizo, baba, mama, kijiji, groupement, sekta, territoire, mahali anapolala sasa. Safu kumi, hakuna iliyoachwa wazi. Metre alipita, akasimama nyuma yangu, akasoma mistari kadhaa huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii njo orodha," akasema. Ningepewa ng'ombe siku ile nisingefurahi zaidi.

Na ilifanya kazi, lazima niseme. Mzee mmoja alimkuta binti yake Komanda ndani ya siku nne. Alirudi dukani kucheza ngoma peke yake, bila ngoma. Mama wa picha alimpata mtoto kwa watawa. Kwa wasio na simu tulitoa orodha kwenye printa kila Ijumaa, karatasi zenye muhuri wa nyumba pembeni, zikasomwa makanisani, na aliyetaka nakala alipewa. Katika furaha hiyo, alasiri moja Deo akiwa ametoka kununua wino, niliongeza mstari mmoja mwenyewe. Nilijua majina yote ya Célestine kwa kuwa nilimchapishia barua ya shule ya Bénie. Niliyaweka yote, na Nyakasanza kwa Mama Zawadi. Nilifikiria Papa Bénie, mahali fulani, akisoma. Nilitaka kuwapa zawadi ya ghafla. Deo alipouona mstari huo aliusoma mpaka mwisho.

"Ulimuuliza?"

"Furaha banaiombeaka ruhusa?"

Mkono wa Deo ulikwenda kwenye panya, ukarudi. Naye alikuwa anafikiria shemeji yake, nadhani. Akauacha mstari ulivyo.

Ukurasa ule ulikuwa na tabia moja ambayo Deo ndiye aliyeigundua. Mtu akiufungua popote duniani, kwenye kona ya juu kinatokea kiduara cha kijani, na akiweka kidole juu ya mstari, mstari huo unazungukwa na rangi hiyo. Mwanzoni tulifurahi, viduara vitatu, vitano, tukavipungia mkono kama watu wa treni. Halafu tukaanza kumjua mmoja. Alikuja saa kumi alasiri, kila siku, hata siku ya mvua. Wengine walikuja, wakatafuta jina lao, wakaondoka. Huyu hakutafuta. Alianza mstari wa kwanza na kushuka, mstari baada ya mstari, kwa mwendo wa mtu anayesoma kidole kikiwa juu ya karatasi. Hakuandika kitu. Sisi wawili tukawa tunaacha kazi saa kumi na kutazama kile kijani kikishuka. Hata jenereta nilihisi inapunguza sauti.

"Ni nani?" Deo akauliza.

"Mutu wa shirika. Bale banapenda orodha kuliko bibi zao."

Siku ya sita kijani kilishuka mpaka kwa Célestine, kikasimama. Kikakaa hapo. Mteja aliingia akataka fotokopi nne, nikamtolea, akaondoka, kikawa bado kipo. Siku ya saba kilikwenda kwake moja kwa moja, bila kupitia kwa wengine. Siku ya nane vilevile. Deo alisema tufute mstari ule, na mimi nikamwambia, kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia, yenye furaha, yenye hakika, "Na kama ni bwana yake? Amekaa kule Uganda, kila siku anakuja kuangalia jina ya bibi yake, siye tunamufutia?" Deo akauacha mstari tena. Nilikuwa nimemnyang'anya hofu yake na kumpa tumaini, na tumaini ni zito kulirudisha.

Siku ya tisa Deo alikwenda kwenye benki na barua za Mama Georgine. Saa kumi kijani kikaja, kikakaa kwa Célestine. Mwisho wa mstari, nje ya zile safu kumi, kulikuwa na kisanduku tupu cha maelezo. Nikaandika humo. Niliandika hivi, najua kila neno: "Kama ni weye Papa Bénie, usiogope. Bibi na batoto biko salama. Njoo Nyakasanza, uliza nyumba ya madirisha ya blue, kila mutu anaijua." Nikangoja. Kijani kikasogea, kikaingia ndani ya kisanduku changu, pembeni kabisa mwa maneno yangu, kama mtu aliyekuja kusimama nyuma ya bega lako. Halafu herufi zikaanza kutokea moja moja.

"Asante."

Kikazimika. Hakikurudi tena, siku ile wala baadaye.

Deo aliporudi nilimpokea barabarani. Nilimwambia tumempata shemeji. Alinitaka nirudie alichojibu. Nikarudia. "Hakuuliza batoto?" Hakuuliza, nikasema, lakini alishukuru. Deo aliingia, akasoma kisanduku, akachukua koti lake. Mama Georgine alimwona uso. Alifungua kabati ya biskuti, akajaza mfuko, akamtundikia mkononi. Magari ya mizigo ya Aru yalikuwa bado yanapakia. Nilibaki mlangoni, chini ya tangazo langu, nikiwaza kwamba mtu mkimya kama Deo huwa anavikuza vitu.

Kesho yake saa mbili asubuhi Mama Zawadi aliingia sekretaria. Hakukaa. Alisema Deo alikuja jana, akawachukua dada na watoto na sufuria, wakaondoka bila hata kunywa maji. Na leo alfajiri, alipokuwa anafagia, wamekuja wanaume wawili.

"Batu ya adabu," alisema. "Banavaa muzuri. Bananisalimia, hodi, mama, umeamkaje. Kiisha banasoma jina." Aliweka mkono shingoni. "Kase, mi nimeishi huku tangu utoto. Mutu akitafuta mutu anasema, Mama Bénie iko? Bale banasoma jina, na ya pili, na ya ubatizo, na ya baba yake, na ya mama yake, na kijiji. Yote. Kwa mulolongo. Nani anamuitaka mutu hivi?"

Hakuna anayemwita mtu hivyo. Karatasi tu ndiyo inayoita hivyo. Mama Zawadi alisema aliwaambia hamjui mtu huyo. Waliomba kuona chumba, wakatazama mkeka, mmoja akagusa jivu la jiko kwa vidole. Huyo akauliza wenye chumba waliondoka lini na kwa njia gani. Mama Zawadi alisema hajui. Wakamshukuru, wakaenda.

"Banasoma kwa simu?" Mama Georgine aliuliza.

"Hapana. Kwa karatasi. Karatasi nyeupe, iko na mustari mweusi huku pembeni." Akaonyesha, kutoka juu mpaka chini, upande wa kushoto.

Kwenye sinia ya printa zilikuwa zimebaki nakala za Ijumaa. Mimi ndiye nilikuwa nazigawa. Niliwakumbuka waliozichukua, mashemasi, akina mama, na nikamkumbuka pia mwanamume mmoja wa shati lililopigwa pasi, aliyesifu jinsi tulivyopanga safu, akaniuliza kama kila wiki tunaongeza majina. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nilimwambia, karibu sana, papa, kila Ijumaa. Sijui kama ndiye. Huenda alikuwa anatafuta mama yake. Ndilo jambo linaloniamsha: kwamba nilimchekea kila mtu kwa kicheko kilekile, na siwezi kuwatenganisha.

Tuliifuta orodha asubuhi hiyohiyo, mimi na Mama Georgine, mstari baada ya mstari, kwa kuwa ukurasa ulikuwa haujajua kufuta yote kwa mara moja. Hilo nalo lilikuwa linakuja. Watu waliofika kusoma walikuta safu kumi na chini yake weupe. Baadhi walilia mbele yetu, na tuliwaambia mashine imeharibika. Mama Georgine alibandua tangazo mlangoni, akalikunja mara nne, akaliweka ndani ya Biblia yake. Hakunigombeza. "Toka leo," alisema, "ukitaka kuandika mutu, utamuangalia kwanza mu macho." Deo alipiga simu moja kutoka Aru. Alisema, "Tumefika," akakata. Sijui kama kuna mwingine kwenye orodha ile aliyepokea wageni wa alfajiri. Nikisema sijui, maana yake sikuthubutu kuuliza. Na toleo lenye kufuli lilitoka kweli, wiki tatu baadaye, kama walivyoahidi. Lilikuwa zuri sana. Nililijaribu peke yangu kwenye ukurasa mtupu: unafunga, unafungua, unafunga.

Miaka yote hii nilikuwa na dawa yangu. Jambo likinijia, nilijiambia kile kijani kilikuwa Papa Bénie kweli, na wale wawili walikuwa ndugu zake aliowatuma, watu wa adabu, wamekuja kumchukua bibi wa kaka yao. Ndiyo maana walivaa vizuri. Ndiyo maana Papa Bénie aliandika asante. Kuna siku niliiamini hadithi hiyo nusu, na mtu anayeongeza chumvi kama mimi, nusu inamtosha.

Pale matangani niliwapelekea chakula mwenyewe. Deo alinipa mkono, akaushika zaidi ya kawaida, kisha wakamwita kubeba benchi. Nikabaki na Célestine. Alikula samaki akitenga mifupa ukingoni mwa sahani kwa mstari ulionyooka. Nywele zimekuwa nyeupe. Nilimwambia habari tatu za kuchekesha, akatabasamu kwa moja. Halafu nikaisema, hadithi yangu ya dawa, kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kutumia. Nilisema labda alikuwa Papa Bénie.

Aliweka kipande cha bugali chini.

"Papa Bénie hakujua kusoma," akasema. "Ata jina yake. Mi njo nilimuandikiaka." Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa mwenziwe aliyeanguka. "Ungeniuliza, Kase."

Wakati huo Esther akatufikia. Ni binti mkubwa wa Mama Georgine, daktari sasa, amekuja kutoka Kisangani, macho yamevimba kwa kulia, na mkononi alishika tablet. Alikuwa ametengeneza ukurasa wa kumbukumbu ya mama yake mtandaoni, kwa chombo kipya, cha bure, alisema, kimetoka juzi. Kila aliyekuja anaandikwa, ili watoto wa ng'ambo waone nani alimlilia mama. Aliketi kati yetu. "Mama, nikuandike. Jina yako?"

"Andika Mama Bénie."

"Kamili, mama. Inaomba kamili, na ya papa yako, na mwahali pa kutoka. Ukiacha wazi inakataa."

Niliona kidole cha Célestine kimesimama juu ya mifupa ya samaki.

"Nani anaona?" nikauliza.

"Mwenye anwani, Papa Kase. Kwa sasa wote. Kuchagua wasomaji itakuya mu toleo ya mbele."

Nikamwomba ile tablet. Nikaiweka magotini, nikavaa miwani. Juu niliandika Mama Bénie. Chini yake ukurasa uliuliza jina la baba, nikaandika la baba yangu mimi. Jina la mama, nikaandika la mama yangu. Kijiji, nikaweka kijiji changu, huko Lubero, na groupement yake, na sekta, kwa mulolongo, Metre angefurahi. Anapolala sasa: nikaweka nyumba yangu, mtaa, na rangi ya mlango. Célestine alikuwa ameinama, anasoma kila neno, midomo ikisogea. Alipofika mwisho akatikisa kichwa, mara moja, kukubali.

Nikabonyeza. Ukurasa ukafikiri kidogo, kijiduara kikizunguka, halafu ukajibu kwa neno moja, katikati ya weupe.

"Asante."

Tuliliangalia sisi watatu mpaka skrini ikazimika yenyewe.